Solo haisikiki, besi inavuma: kagua pikapu zako kabla hujanunua nyingine

Mpiga gitaa asiyeridhika na sauti yake huwaza vitu viwili: amplifaya mpya au pikapu mpya. Vyote vinataka hela, na pikapu nzuri mara nyingi huagizwa nje, ukae unasubiri mzigo na kulipia ushuru. Yapo magitaa ambayo pikapu zake kweli hazifai. Ila mengi yanayofika kwa fundi na maneno "pikapu imekufa" huwa na pikapu nzima kabisa. Tatizo ni kwamba imekaa juu mno au chini mno, au gitaa limefungwa nyuzi zisizo zake, au mpigaji anatumia pikapu ya shingoni kwa kazi ya pikapu ya darajani. Hayo yanatibika kwa bisibisi na subira.

Kwa hiyo tuanze na malalamiko jinsi wapigaji wenyewe wanavyoyasema, halafu tutafute chanzo, tukitanguliza kisichogharimu kitu. Mfano mkuu nitakaourudia ni gitaa la solo la bendi ya dansi. Pale matatizo haya hayajifichi: sauti ni safi, haina distosheni ya kufunika makosa, inapigwa juu kwenye freti za mbali, na pembeni kuna rizimu, besi, kinanda na tarumbeta, kila mmoja anataka nafasi.

Jambo moja la kujua kwanza. Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba mwembamba sana, unene wake takriban 0.06 mm, maelfu ya mizunguko. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, uga wa sumaku unavurugika na koili inazaa umeme kidogo, ambao amplifaya inaukuza. Maana yake ni kwamba pikapu husikia chuma tu, tena husikia kipande kile tu cha uzi kilicho juu yake. Karibu kila tatizo hapa chini linatokana na mojawapo ya hayo mawili.

"Nyuzi mbili za chini zinalia, nene zinanong'ona"

Usiguse maltimita bado. Angalia rangi ya nyuzi. Kama nyuzi nene zina rangi ya shaba au dhahabu, umefunga nyuzi za gitaa kavu. Kiini chake ni chuma, lakini waya uliozungushwa juu ni wa shaba nyeusi, na sumaku haiushughulikii. Uzi wa 1 na wa 2 ni chuma kitupu, kwa hiyo zinasikika kwa nguvu zote, na nene zinabaki nyuma. Wauzaji wengi wa vifaa vya muziki hutoa seti yoyote iliyopo, hivyo soma pakiti mwenyewe: unataka nyuzi za gitaa la umeme, zilizozungushiwa chuma chenye nikeli. Nyuzi za nailoni ndiyo kabisa, hazitasikika.

"Uzi wa 3 unapiga kelele kuliko wenzake"

Hili ni la Stratocaster, gitaa la kampuni ya Fender, na magitaa yaliyoigwa kwake. Gitaa hilo lilipotoka mwaka 1954, uzi wa 3 ulikuwa umezungushiwa waya kama zile nene, na sumaku zilipangwa kwa urefu tofauti ili kusawazisha nyuzi za zama zile. Leo uzi wa 3 ni chuma kitupu, una nguvu zaidi mbele ya sumaku, lakini sumaku yake bado imesimama juu kuliko nyingi. Ndiyo maana unachomoza.

Dawa si kuisukuma sumaku hiyo chini kwa bisibisi. Kwenye pikapu za mtindo wa zamani waya umezungushwa juu ya sumaku zenyewe. Ukisukuma, waya unakatika na hapo pikapu imekufa kweli. Shusha upande mmoja wa pikapu nzima uone inavyosawazika, na kama bado inakukera, tafuta pikapu ambayo sumaku zake zote zimelingana urefu. Kwenye hambaka (pikapu ya koili mbili) na P-90 (pikapu ya koili moja ya Gibson) kazi ni rahisi: kuna skrubu sita juu, zungusha ile ya uzi wa 3 robo mzunguko kwenda chini, usikilize, basi.

Wanaopiga kwa mkono wa kushoto wakigeuza gitaa la kulia, kama alivyofanya Jimi Hendrix, wajue kwamba mpangilio huo wa sumaku nao umegeuka, pamoja na ule mwinamo wa pikapu ya darajani. Wengine wanaupenda ulivyo. Sikiliza kwanza kabla ya kuhangaika.

Kuna na lalamiko la nyuzi kutopita katikati ya skrubu. Hambaka zipo za nafasi mbili, takriban 50 mm na takriban 53 mm kutoka skrubu ya kwanza hadi ya sita, na daraja la Fender huwa pana kuliko la Gibson. Ukichanganya, nyuzi za pembeni hupita nje kidogo. Mimi naona jambo hili huudhi macho zaidi ya masikio, lakini kama ndiyo kwanza unanunua, nunua kipimo sahihi.

"Gitaa halikubali kutuni huku juu"

Umetuni vizuri, nyuzi wazi ziko sawa, lakini uzi wa 6 ukiubonyeza kuanzia freti ya 12 kwenda juu unatoa sauti mbili zinazogombana, inayumba kama ina koo bovu. Wengi hukimbilia kurekebisha daraja. Shuku sumaku kwanza. Pikapu ikikaa karibu mno, sumaku huuvuta uzi na kuuzuia usitikisike kwa uhuru. Singo koili, yaani pikapu za koili moja kama za Stratocaster, ndizo wakorofi zaidi, kwa sababu sumaku zenyewe ndizo zimesimama chini ya uzi. Kwenye hambaka ya kawaida sumaku imelala chini, na kinachofika karibu na uzi ni chuma tu, hivyo mvuto ni mdogo.

Jaribio lake: shusha pikapu ya shingoni hadi mwisho wa skrubu zake, piga tena. Sauti ikitulia, umempata mwizi. Isipotulia, shusha na ya kati. Zote zikiwa chini na bado inayumba, hapo ndipo urudi kwenye daraja, au ubadilishe nyuzi zilizochoka.

Kupima urefu huhitaji kifaa cha kununua. Chukua kadi za benki zilizokwisha muda wake (si ile unayotumia, sumaku inaweza kuufuta ule mstari mweusi wa nyuma). Kadi moja ina unene wa 0.76 mm, kipimo cha kimataifa, kwa hiyo tatu zikipangwa pamoja ni kama 2.3 mm na mbili ni kama 1.5 mm. Bonyeza uzi wa 6 kwenye freti ya mwisho kabisa, ile iliyo karibu na pikapu, usiuachie. Kwa mkono mwingine telezesha kadi kati ya uzi na kichwa cha sumaku. Ziingie bila kuuinua uzi na bila kucheza. Fanya hivyo hivyo upande wa uzi wa 1.

Fender hupendekeza 2.4 mm upande wa uzi wa 6 na 2 mm upande wa uzi wa 1 kwa Stratocaster zenye pikapu za mtindo wa zamani. Gibson kwa hambaka zake huanzia 2.4 mm shingoni na 1.6 mm darajani. Kwa hiyo kadi tatu zinakutosha kwa shingoni popote, na mbili kwa hambaka ya darajani. Darajani huwa karibu zaidi kwa sababu uzi pale hautikisiki sana. Ukiacha pikapu zote urefu mmoja, ya shingoni itaimeza ya darajani kila ukibadilisha swichi.

Vipimo hivyo ni mahali pa kuanzia tu. Wapigaji wetu wengi huinua pikapu juu kadiri inavyowezekana ili "ipate nguvu", nami napingana nao waziwazi. Nguvu utaipata kwenye amplifaya. Pikapu ikiwa chini kidogo, noti inapumua, mwanzo wa mdundo unasikika, na kwa solo safi ya dansi hicho ndicho unachotafuta. Shusha, kisha panda robo mzunguko mmoja mmoja mpaka sauti ijae, uishie hapo.

"Nikiwa peke yangu natoka vizuri, bendi ikiingia napotea"

Hapa ndipo penye kazi. Mtu anayesema hivi kwa kawaida anapiga solo kwa pikapu ya shingoni, kwa sababu chumbani ilisikika tamu na nene.

Tufuate vipimo vya Stratocaster. Uzi wake kutoka kichwani hadi darajani ni 648 mm. Pikapu ya shingoni iko karibu 162 mm kutoka darajani, ya kati 98 mm, na ya darajani, kwa kuwa imelala kimshazari, katikati yake ni kama 41 mm. Uzi ukitikisika, hautoi sauti moja. Hutoa ile kuu pamoja na nyingine nyembamba juu yake, kwa sababu unajigawa nusu, theluthi, robo na kuendelea. Kila mgawanyo una sehemu ambazo uzi umetulia. Pikapu ikikaa chini ya sehemu iliyotulia, sauti hiyo haiisikii.

Sasa, 162 ni robo ya 648. Uzi ukiwa wazi, pikapu ya shingoni inakosa sauti ya nne. Ni hasara ndogo. Lakini mpiga solo wa dansi hapigi nyuzi wazi. Sebene ikichanganya yuko freti ya 12 na kuendelea. Ukibonyeza freti ya 12 uzi unabaki 324 mm, na pikapu ya shingoni sasa iko katikati kabisa ya uzi. Katikati, kila sauti yenye namba shufwa imetulia: ya pili, ya nne, ya sita, zote hazisikiki. Kinachobaki ni sauti ya mviringo, yenye uwazi ndani, inayokaribia filimbi. Ni nzuri kwa mwendo wa polepole, peke yako. Kinanda na tarumbeta zikiingia, zinaifunika mara moja.

Pikapu ya darajani nayo ina siri yake hukohuko juu. Kwenye nyuzi wazi iko mbali na mwisho wa uzi kwa sehemu ya kumi na sita tu ya urefu, ndiyo maana inasikika kali, nyembamba, watu wanaikimbia. Ukiwa freti ya 12, umbali uleule sasa ni sehemu ya nane ya uzi. Ni kana kwamba umeisogeza hadi 82 mm kwenye uzi wazi, yaani karibu na pikapu ya kati. Ukali umepungua, mwili umeongezeka. Kwa hiyo usiihukumu pikapu ya darajani kwa kupiga kodi za freti ya 1 hadi ya 3 dukani. Ihukumu pale utakapoipigia.

Ushauri wangu kwa solo ni darajani, au darajani na kati kwa pamoja, huku ukipunguza trebo kidogo kwenye kitufe cha gitaa badala ya kukimbilia shingoni. Sauti ile ya pikapu mbili kwa pamoja haikuwa hata kwenye mpango wa kiwanda: Stratocaster za mwanzo zilikuwa na swichi ya nafasi tatu, wapigaji wakawa wanaikwamisha katikati ya nafasi ili zilie mbili, na swichi ya nafasi tano ikaja rasmi mwaka 1977.

Halafu mwangalie mwenzako. Solo haipotei kwa sababu yake peke yake. Inapotea kwa sababu gitaa la rizimu limekaa palepale. Wote wawili wakiwa pikapu ya shingoni, na amplifaya zimewekwa sawa, hakuna atakayesikika hata mkiongeza sauti mpaka majirani walalamike. Rizimu ikae pikapu ya kati, au kati na shingo. Kama mna gitaa la tatu, lile ambalo TPOK Jazz ya Franco waliliita mi-solo, lipewe nafasi iliyobaki, na liwe na trebo pungufu kuliko solo. Mpangilio huu hauna gharama na hurekebisha bendi nzima ndani ya zoezi moja.

Wenye gitaa la freti 24 wana jambo la ziada. Freti ya 24 iko robo kamili ya uzi kutoka darajani, mahali palepale ambapo Stratocaster imeweka pikapu yake ya shingoni. Kwa hiyo pikapu imelazimika kusogea kuelekea darajani. Ukiwa na gitaa hilo na unalalamika kwamba shingoni hapana ule unene ulioutarajia, hakuna pikapu ya kununua itakayourudisha wote. Chagua nyingine yenye mizunguko mingi kiasi ikupe besi zaidi, au ukubali.

Na anayetaka kutoboa mbao ili kuhamisha pikapu asubiri kwanza. Chukua pikapu iliyo nje ya gitaa, iunge kwa waya mbili moja kwa moja kwenye jeki, igeuze kifudifudi uishike juu ya nyuzi kwa mkono huku mwenzako akipiga. Isogeze taratibu kutoka darajani kwenda shingoni. Utasikia karibu na daraja kila milimita tano zinabadilisha sauti waziwazi, na kadiri unavyokaribia shingo unaweza kusogea sana bila tofauti kubwa. Weka alama ya penseli mahali ulipopapenda. Mara nyingi alama hiyo huangukia palepale ilipo pikapu sasa, na mbao zimepona.

"Sauti ni butu, haina ukali hata trebo ikiwa mwisho"

Anza na kebo. Kila mita ya kebo ina kapasitansi, kwa kawaida kama pikofaradi 100, na ikiungana na koili ya pikapu inakula sauti za juu. Kebo ya mita 10 jukwaani ikifuatiwa na nyingine kati ya pedali inatosha kuua gitaa zuri. Jaribu kebo fupi ya mita 3 moja kwa moja kwenye amplifaya. Ukali ukirudi, tatizo si pikapu.

Haujarudi? Fungua kifuniko usome namba kwenye poti za sauti, zile zilizo chini ya vitufe. Singo koili huzoea 250 kΩ, hambaka 500 kΩ. Mtu akiweka hambaka kwenye gitaa lililokuwa na singo koili na kuacha poti za 250, sauti hupungua ukali papo hapo. Poti ni bei ndogo, fundi redio yeyote anaibadilisha. Kapasita ya toni nayo iangalie: 0.022 µF huzoeleka kwa hambaka, 0.047 µF kwa singo koili.

Kama butu inakuja tu pale unapopunguza kitufe cha sauti, hapo kuna dawa ya zamani: kapasita ndogo ya 0.001 µF ikiwa sambamba na rezista ya 150 kΩ, zikilehemiwa kati ya miguu ya kuingilia na kutokea ya poti ya sauti. Sauti za juu zinapita hata ukishusha.

Mwisho ni pikapu yenyewe. Ikizungushwa waya mwingi mno, nguvu inaongezeka lakini sauti za juu zinashuka. Weka maltimita kwenye 20 kΩ, chomeka kebo kwenye gitaa, sauti iwe mwisho, pima kati ya ncha na mwili wa plagi upande wa pili. Singo koili ya Stratocaster huwa kama 6 kΩ, hambaka ya mtindo wa zamani 7.5 hadi 8.5, na zile kali za roki hupita 13. Utasoma pungufu kidogo ya ukweli kwa kuwa poti iko sambamba na koili. Ila namba hii usiiabudu. Waya mwembamba zaidi huongeza ohmu bila kuongeza nguvu, na P-90 ya 8 kΩ ni koili moja, ilhali hambaka ya 8 kΩ ni mbili za kama 4 kila moja. Ni vitu viwili tofauti kabisa masikioni.

"Inavuma"

Singo koili ikivuma kidogo si mbovu, ndivyo ilivyo. Koili hunasa uga wa umeme wa nyumba, na umeme wetu ni wa hezi 50, ndiyo ule mvumo wa chini unaousikia. Seth Lover wa Gibson aliomba hataza ya hambaka mwaka 1955 kwa ajili ya tatizo hilihili: koili mbili zilizogeuziana, na ncha za sumaku chini yake zimegeuziana pia, hivyo mvumo unajifuta na sauti ya uzi inajumlishwa. Magitaa yalianza kuitumia mwaka 1957. Kwenye Stratocaster nyingi za siku hizi pikapu ya kati imegeuzwa kwa namna hiyo, ndiyo maana nafasi ya 2 na ya 4 ya swichi huwa kimya kuliko nyingine.

Shika nyuzi usikilize. Mvumo ukipungua, waya wa ethi wa daraja uko sawa. Hapo ni kuzungushia tundu la pikapu karatasi ya shaba iliyounganishwa na ethi, na kuhama mbali na taa za tyubu, chaja na jenereta. Jigeuze pia ukiwa na gitaa; kuna upande ambao mvumo unakufa. Mvumo ukiongezeka unaposhika nyuzi, waya za jeki zimebadilishana. Na ukivuma sawa ushike usishike, waya wa daraja umekatika.

Hili si la sauti lakini haliwezi kurukwa. Ukipigwa shoti midomo ikigusa maikrofoni huku umeshika nyuzi, acha kupiga papo hapo. Nyuzi zako zimeungwa na ethi ya amplifaya, na plagi iliyokatwa mguu wa ethi ili iingie kwenye soketi ya matundu mawili imeshaua wanamuziki. Mwite fundi umeme, si fundi gitaa.

"Pikapu moja moja ziko sawa, zikilia pamoja sauti inakonda"

Zimepishana: moja inasukuma wakati nyingine inavuta. Hutokea mara nyingi baada ya kubadilisha pikapu moja kwa ya kampuni nyingine. Uthibitisho: maltimita kwenye 20 kΩ, weka bisibisi juu ya pikapu, ivute juu ghafla, uangalie namba zinaruka kupanda au kushuka. Fanya hivyo kwa pikapu ya pili bila kubadilisha nyaya za mita. Zote ziende upande mmoja. Zikitofautiana, badilishana waya mbili za pikapu moja. Tahadhari: kama ina kifuniko cha chuma kilichoungwa na waya mmojawapo, kitenganishe kwanza, la sivyo kifuniko kitakuwa antena.

Wapo wanaoipenda sauti hii. Les Paul (gitaa la Gibson) ya mpiga gitaa Peter Green ilikuwa na sumaku ya shingoni iliyogeuzwa, na swichi ikiwa katikati ilitoa mlio wa puani ambao watu bado wanauiga. Kwa rizimu ya kukatakata inaweza kukufaa.

"Hambaka imedhoofika, tena imeanza kuvuma"

Koili moja imekufa au imezimwa. Sauti ya amplifaya iwe ndogo, gonga skrubu za koili ya kwanza kwa ncha ya bisibisi, kisha chuma za koili ya pili. Zote zigonge kwa nguvu sawa kwenye spika. Moja ikinyamaza, angalia kama kuna kitufe cha kuvuta kinachogawa koili, huenda kimevutwa bila wewe kujua. Kama hakipo, pima: hambaka ya 8 ikisoma 4, koili moja imeruka; isiposoma kitu kabisa, waya umekatika, na mara nyingi ni pale tu waya mwembamba unapoungana na ule mnene, ambapo fundi mwenye mkono mtulivu anaweza kuuokoa.

"Inapiga mluzi"

Mluzi mwembamba mkali unaotokea hata ukiwa umezifunika nyuzi kwa kiganja ni koili au kifuniko kinachotikisika chenyewe. Pikapu hutumbukizwa kwenye nta iliyoyeyuka, ya mishumaa ikichanganywa na kidogo ya nyuki, joto la kama nyuzijoto 60 hadi 65 za Selsiasi, juu ya maji ya moto na kamwe si juu ya moto mtupu: nta hulipuka, na joto likizidi plastiki ya koili inapinda.

Umekagua yote, bado. Ununue ipi?

Kwa solo safi ya dansi, singo koili ya sumaku za Alnico 5, kama 6 kΩ, haina mpinzani kwangu. Alnico 2 ni laini zaidi, inafaa ukumbi mdogo. Magitaa mengi ya bei nafuu yana chuma chenye bamba la sumaku ya seramiki chini yake. Si mbaya, ila mwanzo wa noti ni mkali. Ukipiga mahali penye umeme mchafu, kama kumbi zenye taa nyingi, tafuta singo koili zenye koili mbili zilizopandana ndani ya umbo lilelile: unapoteza uwazi kidogo, unapata ukimya. Kwa anayepiga kanisani na anahitaji distosheni pia, hambaka ya kama 8 kΩ darajani yenye waya nne inakupa njia zote mbili, nzima au nusu.

Zikifika, usizifuate rangi za waya kwa kukumbuka pikapu iliyopita. Kila kampuni ina mpangilio wake, na nyekundu ya mmoja ni mwanzo wa koili, ya mwingine ni mwisho. Tafuta mchoro wa kampuni hiyo, kisha uhakikishe kwa mita na bisibisi kabla ya kulehemu.